Saa saba zilizopotea: tsunami ya 26 Desemba 2004 ilipofika pwani ya Afrika Mashariki

Tetemeko la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004 lilianza saa kumi kasoro dakika moja alfajiri, kwa saa za Afrika Mashariki. Ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya Krismasi. Wimbi lake lilifika Puntland, kaskazini mashariki mwa Somalia, takriban saa saba baadaye, na kipimo cha maji cha Lamu kikalinasa baada ya saa nane na dakika chache. Muda huo unamtosha mtu kutembea kwa miguu kutoka ufukweni hadi kilomita 20 bara, na akapumzika njiani. Pamoja na hayo, Somalia ilipoteza karibu watu 300. Tanzania ilipoteza zaidi ya 10, wengi wao watoto na vijana waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam. Kenya ilimpoteza mtu mmoja.

Ukilinganisha na wafu karibu 228,000 wa Bahari ya Hindi nzima, hesabu ya Kenya na Tanzania ni ndogo, na udogo huo umetuachia imani ya hatari: kwamba pwani ya Waswahili haina tsunami ya kuogopwa. Kisa hiki kikichambuliwa vizuri kinaonyesha jambo jingine. Tuliokolewa na mwelekeo wa ufa ulioko mbali nasi, na saa ambayo maji yalikuwa yamepwa. Hayo mawili hatukuyapanga, na hakuna ahadi kwamba yatakutana tena.

Kilichotokea chini ya bahari

Magharibi ya Sumatra bamba la ardhi linalobeba Bahari ya Hindi huzama polepole chini ya bamba lililobeba visiwa vya Indonesia. Mabamba hayo hayatelezi kwa ulaini. Hukwama kwa miaka mingi, ukingo wa bamba la juu ukivutwa chini na kupinda. Siku ile mkwamo uliachia. Ufa ulifunguka kuanzia kaskazini mwa Sumatra, ukapita Nicobar hadi Andaman, urefu wa takriban kilomita 1,200 hadi 1,300, kwa muda wa dakika 8 hadi 10. Sehemu nyingine mabamba yaliteleza mita 15 na zaidi. Ukubwa wa tetemeko ulikuja kuthibitishwa kuwa 9.1 au zaidi.

Sakafu ya bahari ilipoinuka, iliinua maji yote yaliyokuwa juu yake, kutoka chini kabisa hadi usoni. Hapo ndipo tsunami inapoachana na wimbi la upepo. Wimbi la upepo hutikisa maji ya juu tu, na hupita kwa sekunde chache. Tsunami ni bahari nzima inayosogea, na kutoka kilele kimoja hadi kingine zinaweza kupita dakika 10 hadi saa nzima. Ndiyo maana wimbi la mita mbili la kawaida huvunjika ufukweni na kurudi, ilhali tsunami ya mita mbili huingia kama mto na kuendelea kuingia kwa dakika nyingi.

Mwendo wake hutegemea kina. Zidisha kina cha maji kwa mita na 9.8, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu, utapata mita kwa sekunde. Penye kina cha mita 4,000 jibu ni kama mita 198, yaani zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Penye kina cha mita 10 ni kama kilomita 36 kwa saa, ambayo bado inamshinda mtu anayekimbia mchangani. Kutoka kitovu cha tetemeko hadi Lamu ni kama kilomita 6,000, na wimbi lilizimaliza kwa saa nane. Hesabu inakubali.

Katikati ya bahari wimbi hili halitishi. Setilaiti ya Jason-1, iliyopita juu ya Bahari ya Hindi kama saa mbili baada ya tetemeko, ilipima mwinuko wa takriban sentimita 60. Meli iliyoko pale haihisi kitu. Kimo huja wimbi likifika maji machache: mbele inapunguza mwendo, nyuma bado inasukuma, na maji yanapanda. Umbo la pwani huongeza au hupunguza. Ghuba nyembamba hukusanya maji, rasi huvuta wimbi kutoka pande mbili, na mlango katika mwamba wa matumbawe huwa mfereji wake wa kuingilia.

Kwa nini Hafun, na si Malindi

Tsunami ya ufa mrefu haienei sawasawa pande zote. Ukisukuma maji ya beseni kwa ubao mpana, nguvu kubwa huenda mbele na nyuma ya ubao, na kwenye ncha zake hubaki kidogo. Ufa wa 2004 ulilala kaskazini hadi kusini, hivyo nguvu zilielekea mashariki, kwa Thailand, na magharibi, kwa Sri Lanka, India na Somalia. Kenya na Tanzania ziko kusini ya mstari huo mkuu. Isitoshe, safu za chini ya bahari za Maldives na majukwaa ya Seychelles na Mascarene yalitawanya sehemu ya nguvu kabla haijafika kwetu.

Hafun haikuwa na kinga hiyo. Ras Hafun, huko Puntland, ndiyo ncha ya mashariki kabisa ya bara la Afrika, na mji wake ulikuwa kwenye mchanga wa chini, karibu na maji. Vipimo vilivyofanywa baadaye katika eneo hilo vilionyesha maji yalifika kati ya mita 5 na 9 juu ya usawa wa bahari. Uharibifu mkubwa ulienea kwa karibu kilomita 650 za pwani, kutoka Hafun kusini hadi Garacad.

Kuna jambo la msimu ambalo halitajwi vya kutosha. Puntland uvuvi hufungwa kusi linapovuma, na hufunguliwa Oktoba hadi miezi ya mwanzo ya mwaka, wakati wa kaskazi. Desemba ilikuwa kilele. Wavuvi wengi walikuwa wamekwenda dago, yaani kambi za uvuvi za msimu, na familia zao, wakilala kwenye vibanda vya muda mita chache kutoka majini, na mali yao yote, mashua, mashine na nyavu, iko pale pale. Tsunami hiyo hiyo ingekuja Julai ingewakuta watu wachache zaidi ufukweni. Mpango wowote wa tahadhari unaohesabu wakazi wa kudumu peke yao unawasahau watu hawa, na wavuvi wa dago wako kila pwani, kuanzia Somalia hadi Kilwa na Mtwara.

Bamvua, na bahati ya saa sita mchana

Tarehe 26 Desemba 2004 mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo bahari ilikuwa ya bamvua. Kila mvuvi wa Mombasa, Tanga au Unguja anajua maana yake: maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa huzidi mita tatu. Wimbi la kwanza lilifika Lamu mnamo saa sita mchana na kuendelea kusini. Maji yalikuwa yametoka kupwa, ndiyo kwanza yanapanda.

Fanya hesabu. Wimbi la mita moja na nusu likija juu ya maji yaliyopwa, huenda lisifike hata alama ya kawaida ya kujaa. Ndivyo ilivyokuwa sehemu nyingi za Kenya na Tanzania: watu waliona maji yakienda na kurudi kwa saa isiyo yake, mashua zikigongana, mikondo mikali kwenye milango ya miamba, lakini nyumba hazikuguswa. Wimbi hilo hilo likija saa kumi jioni lingekaa mita moja na nusu juu ya kilele cha bamvua. Hapo tungezungumzia madiko yote, hoteli za ufukweni, masoko ya samaki, na mitaa ya chini ya miji ya kale. Saa nne za tofauti ndizo zilizoamua. Kikao cha maafa kinachochora ramani ya hatari kwa kutumia alama za maji za 2004 kinachora ramani ya bahati.

Na pwani hii ina kumbukumbu ya zamani zaidi. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya uchimbaji kwenye ghuba ya Pangani, Tanzania: tabaka la mchanga wa bahari lenye umri wa takriban miaka 1,000, likifunika makazi ya kale ya wavuvi, na ndani yake mifupa ya watu. Hitimisho lao ni kwamba tsunami iliua watu pale, na kwamba ufa wa Sumatra unaweza kuwa chanzo. Pangani ni kusini ya Tanga, mbali na Hafun.

Ujumbe ulikwama wapi

Kituo cha Tahadhari ya Tsunami cha Pasifiki, kilichoko Hawaii, kilitoa taarifa ya kwanza dakika 15 baada ya tetemeko. Kilikadiria ukubwa wa 8.0, kisha kama saa moja baada ya tetemeko kikapandisha hadi 8.5. Tofauti ya 8.0 na 9.1 inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila kwa nguvu ni karibu mara 45. Kosa hilo lilikuwa la vifaa na mbinu za wakati ule: tetemeko refu sana halipimiki kwa mawimbi ya kwanza tu. Lakini hata makadirio yangekuwa sahihi, kituo kile kilihudumia Pasifiki. Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo, haikuwa na orodha ya namba za kupiga, na haikuwa na maboya ya kina kirefu ya kuthibitisha wimbi.

Asubuhi yetu yote ilipita, Sri Lanka na India zikiwa zimeshapigwa na televisheni za dunia zikionyesha. Kenya ilipata habari kwa njia hiyo, na watu wakaondolewa kwenye fukwe kabla na wakati mawimbi yakifika. Hilo linastahili sifa, na linathibitisha kwamba muda ulitosha. Somalia serikali ya mpito ilikuwa ndiyo kwanza imeundwa na bado iko Nairobi. Hapakuwa na wa kupokea wala wa kupeleka. Dar es Salaam, fukwe za Jumapili ya sikukuu zilijaa waogeleaji.

Upande mwingine wa kipimo kuna Simeulue, kisiwa kilicho jirani kabisa na kitovu. Kule wimbi lilifika ndani ya dakika chache, hakuna redio ambayo ingewahi. Wakazi walikuwa wamerithi simulizi za tsunami ya 1907, wanayoiita smong: ardhi ikitikisika kwa nguvu, panda mlimani bila kusubiri. Kati ya watu zaidi ya 70,000 walikufa 7. Dakika chache zenye ujuzi ziliokoa watu wengi kuliko saa saba za ukimya.

Leo mfumo upo. Tangu 2005 nchi za Bahari ya Hindi zimejenga mtandao chini ya UNESCO, na vituo vya India, Indonesia na Australia hutuma makadirio ya muda wa kufika na kimo kwa kila nchi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa Kenya ndizo zinazopokea na kutoa onyo la kitaifa. Sehemu dhaifu imebaki palepale, kati ya ofisi ya mkoa au kaunti na mtu aliyesimama majini.

Kosa moja la kijinga kabisa linaweza kuua: saa. Taarifa za kimataifa huandikwa kwa saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. «09:09» kwenye taarifa ni saa 6:09 mchana kwetu. Anayeipokea kwa haraka akasoma saa tisa na dakika tisa amewapa watu saa tatu zisizokuwepo. Kwa hiyo ujumbe unaoshuka kwa sheha, chifu au mwenyekiti wa mtaa ubadilishwe mara moja, na mtu wa pili auhakiki: «Onyo la tsunami. Wimbi la kwanza linatarajiwa leo saa 6:09 mchana. Tokeni baharini na ufukweni kabla ya saa 5:00 asubuhi. Nendeni uwanja wa shule. Msirudi mpaka mtangaziwe.» Ujumbe hauhitaji ukubwa wa tetemeko wala jina la bamba. Unahitaji saa, mahali, na agizo.

Dalili ambayo pwani yetu inaweza kuisoma vibaya

Vipeperushi vingi husema: ukiona bahari imerudi nyuma ghafla, kimbia. Ni kweli, lakini hapa kwetu agizo hilo likiachwa hivyo hivyo halitoshi. Pwani hii bahari hurudi nyuma kila siku. Bamvua ikipwa, mwamba huachwa wazi hadi kilomita moja, na ndio wakati akina mama wanapotoka kutafuta pweza na chaza, na wakulima wa mwani wa Unguja na Pemba wanapokuwa shambani. Mwamba mkavu kwao ni siku ya kazi.

Cha kufundisha ni tofauti ya mwendo na saa. Maji ya kawaida hupwa kwa saa sita, na kila mtu anayajua majira yake. Tsunami hufanya hivyo kwa dakika tano au kumi, mara nyingi kwa saa isiyo yake, na huweza kufichua mwamba ambao hata bamvua kubwa haiufichui. Maji yakipanda na kushuka mara mbili ndani ya saa moja, hiyo si kupwa wala kujaa. Toka.

Tena, maji kurudi nyuma si lazima yatangulie. Mwaka 2004, upande wa mashariki wa ufa, Thailand, bahari ilijivuta kwanza. Upande wa magharibi, ambako ndiko tuliko sisi, maji yalianza kwa kupanda, wimbi la kwanza likawa dogo, kisha yakajivuta, ndipo makubwa yakaja. Anayesubiri bahari ikauke ndipo akimbie anaweza kuwa amesubiri dalili ambayo haiji mwanzo, na anayeona wimbi la kwanza dogo akashuka kutazama au kuokota samaki anakutana na la pili.

Mkulima wa mwani aliye mita 700 kutoka ufukweni hasikii kipaza sauti cha msikiti upepo wa kaskazi ukivuma, na simu yake ameiacha nyumbani isilowe. Hapa mbiu ya mgambo na bendera vina kazi yake. Bendera mbili nyekundu kubwa juu ya mlingoti wa diko, baragumu au ngoma ya mpigo uliokubaliwa, na vijana wawili wa zamu wanaotumwa kwa miguu au kwa mashua ndogo. Kutembea mita 700 kwenye mwamba na maji ya magoti kunachukua nusu saa na zaidi kwa mama mwenye mzigo. Mzigo uachwe.

Kuihesabu njia

Kijiji kipange kwa kuhesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Pa kukimbilia pawe juu ya mita 30 kutoka usawa wa bahari, au kilomita tatu bara. Sehemu nyingi za pwani yetu ni tambarare, mita 30 hazipatikani karibu. Basi tumia umbali, au jengo imara la zege, ghorofa ya tatu kwenda juu, ambalo mhandisi amelikagua. Kisha ipimwe njia kwa kutembea na mzee na mtoto, si kwa kukadiria kwenye ramani. Kijana hutembea mita moja kwa sekunde bila taabu, kwa hiyo kilomita moja na nusu ni dakika 25. Mzee au mama mjamzito hutembea mita 0.6 kwa sekunde, na njia hiyo hiyo inakuwa dakika 42. Usiku ongeza. Penye daraja moja juu ya mkono wa bahari au mto, jiulize watu wangapi watapita kwa pamoja, kwa sababu mkono wa bahari ndio maji yanapoingilia mapema zaidi kuliko nchi kavu.

Tsunami ya mbali inampa kila mtu nafasi ya kuondoka kabla ya saa moja ya mwisho. Lakini Makran, kati ya Iran na Pakistan, ilitoa tsunami tarehe 28 Novemba 1945, na wimbi kutoka huko lingefika Oman haraka sana na Somalia kwa muda mfupi kuliko wa 2004. Na tetemeko likihisiwa pwani yenyewe, likidumu sekunde 20 au zaidi au likimfanya mtu ashindwe kusimama, hakuna onyo la kusubiriwa. Ondoka.

Kwa walio majini, shauri linategemea chombo. Mashua yenye mashine na mafuta ya kutosha iliyoko nje iende penye kina cha angalau mita 100 na ikae huko hadi itangaziwe, ikisikiliza chaneli 16 ya redio ya VHF. Ngalawa na mtumbwi wa kasia virudi mapema, vivutwe juu, na watu waondoke. Hakuna chombo kinachostahili nahodha abaki nacho bandarini. Salalah, Oman, mwaka 2004 meli ya kontena ya urefu wa mita 285 ilikatika kamba zote na kuzungushwa na mikondo ya bandari kwa saa kadhaa. Toamasina, Madagascar, meli ndogo ya mita 50 iling'oka saa kadhaa baada ya mawimbi ya kwanza, watu wakidhani yamekwisha. Bandari huwa na mtikisiko wake wa maji unaoendelea muda mrefu baada ya ufuko kutulia, na wakuu wa bandari wasitangaze usalama kwa kutazama ufuko.

Baada ya maji kuondoka

Watu warudi kwa tangazo la mamlaka tu. Mtu kuona bahari imetulia kwa nusu saa hakuthibitishi chochote, kwa kuwa nusu saa inaweza kuwa nafasi ya kati ya mawimbi mawili.

Shida inayofuata ni visima. Hafun na vijiji vya jirani, ambavyo tayari vilikuwa vimetoka kwenye miaka ya ukame, visima vilijaa chumvi, mchanga na taka. Kuchemsha maji au kuyatia klorini huua vijidudu lakini chumvi inabaki, kwa hiyo siku za kwanza maji ya kunywa hayana budi kuletwa kwa lori. Watu wengi hukimbilia kukausha kisima kwa pampu. Sri Lanka ilionekana kwamba kupampu kwa nguvu kuliharibu visima vingi zaidi: maji matamu hukaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya chumvi, na ukilivuta haraka, chumvi hupanda kutoka chini na kuta za kisima hubomoka. Toa taka na tope, pampu taratibu mara moja kuondoa maji yaliyoingia, kisha kiache. Pima ladha na chumvi kila wiki. Mvua ndiyo inayosafisha tabaka lile, na inaweza kuchukua msimu mmoja au zaidi. Klorini itiwe baada ya chumvi kushuka, na choo kilichozama karibu na kisima kizibwe kabla ya hapo.